Haki ya Kukaa, Haki ya Kutibiwa: Miaka Yangu ya Uhispania na Pasipoti ya Uingereza

Katika shughuli zetu Waswahili wa Uingereza, iwe harusi Leicester au matanga Reading, kuna jambo nimelisikia likisemwa tangu miaka ya tisini: ukishakula kiapo ukapewa pasipoti, matibabu ya NHS, huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, ni yako mpaka unaingia kaburini, hata ukihamia wapi. Nimekuwa muuguzi katika hospitali za NHS zaidi ya miaka ishirini, na nasema bila kusita kwamba sivyo. NHS haimtibu mtu kwa pasipoti yake. Inamtibu kwa kuwa makazi yake ya kawaida yako pale, na yako pale kihalali. Aliyezaliwa London akahamia Mombasa au Dubai, akija kutembea kisha akaugua, atahudumiwa bure kwenye chumba cha dharura, na daktari wa mtaa hatamtoza kitu. Lakini akishapandishwa wodini hesabu inaanza, na kwa mtu anayetoka nchi isiyo na makubaliano ya matibabu na Uingereza, hesabu hiyo ni asilimia 150 ya bei ambayo NHS yenyewe hujiwekea. Nilimwona mzee wa Kiingereza aliyelipa kodi tangu ujana wake akiletewa karatasi ya maswali pale pale kitandani: unaishi wapi, umerudi kukaa au umekuja kutembea? Mzee yule alilia. Pesa alikuwa nazo. Kilichomuumiza ni kuulizwa.

Nayaandika haya kwa sababu kizazi changu kinakaribia kustaafu. Wengine wanajenga Kilifi na Tanga, wengine wanatazama nyumba za bei nafuu Ureno, Uturuki, Uhispania. Mimi nilishahama. Nilikwenda Uhispania mwaka 2017 pamoja na marehemu mume wangu, na mengi ninayoyajua leo kuhusu haki za Mwingereza aishiye nje ya kwao niliyajulia huko.

Tulipanga nyumba ndogo kusini mwa mkoa wa Alicante, si mbali na mji wa Torrevieja. Mume wangu alikuwa mtu wa Lancashire, amenizidi miaka kumi na mitatu, tayari anapokea pensheni ya serikali. Kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya ilikuwa imepigwa tarehe 23 Juni 2016, na barua rasmi ya kujitoa ilishafika Brussels mwezi Machi 2017. Ndugu zake walituona kama watu wanaohamia nyumba inayoungua. Yeye akasema mapafu yake hayaiwezi tena baridi ya kwao, na kama kuna mlango unafungwa, heri tupite kabla haujafungwa.

Mimi niliingia Uingereza kwa viza, nikaishi kwa viza, nikapiga foleni, nikapigwa picha, nikatoa alama za vidole, nikangoja barua. Kwa hiyo tulipofika Uhispania kitu cha kwanza nilichouliza ni karatasi. Kuna kujiandikisha kwenye halmashauri ya mji, orodha wanayoiita padroni, inayothibitisha kwamba unaishi kwenye nyumba fulani. Kuna namba ya utambulisho wa mgeni, NIE, ambayo bila hiyo hununui hata laini ya simu kwa mkataba. Halafu kuna cheti cha ukaaji wenyewe, wakati ule kikitolewa na polisi kwa raia wote wa Umoja wa Ulaya, karatasi ya kijani. Ili ukipate ulitakiwa kuonyesha mambo mawili: kwamba una kipato cha kukutosha, na kwamba ukiugua kuna anayelipa.

Hilo la pili ndilo linalowapotezea watu njia. Nchi nyingi za Ulaya hazikutibu kwa kuwa umeingia mlangoni. Zinauliza kwanza: gharama ya mtu huyu ni ya nani? Akiwa mfanyakazi, ni mfuko wa hifadhi ya jamii anaouchangia pale pale. Akiwa mstaafu wa Uingereza, ni Uingereza yenyewe, na ushahidi wake ni fomu ya S1. Fomu hii hutolewa na ofisi ya NHS inayoshughulikia matibabu ya nje ya nchi, kwa mtu anayelipwa pensheni ya serikali ya Uingereza au baadhi ya mafao mengine. Unaipeleka ofisi ya hifadhi ya jamii ya Uhispania, wanaisajili na kukupa karatasi, nayo unaipeleka kituo cha afya cha mtaa wako upewe daktari na kadi. Tangu siku hiyo wewe na mzee wa Kihispania mnakaa benchi moja, mnaitwa kwa zamu moja, na dawa mnanunua kwa utaratibu mmoja: mstaafu wa kawaida hulipa asilimia 10 ya bei, tena kwa mwenye pensheni ndogo kuna kikomo cha euro 8.23 kwa mwezi. Mwisho wa yote, Uhispania inaidai Uingereza.

Mimi sikuwa na umri wa pensheni na nilikuwa nimeacha kazi ili nimtunze. Kwa upande wa matibabu nikaandikishwa chini ya S1 ya mume wangu, kama mke anayemtegemea. Kwa upande wa ukaaji nilijiandikisha mwenyewe, kwa jina langu, kama raia wa Uingereza. Karani wa polisi aliniambia naweza kufuata kama familia ya mume wangu, nikamwambia hapana, mimi nina pasipoti yangu. Msomaji aishike tofauti hiyo, maana habari yote iliyobaki imejengwa juu yake.

Majirani zetu walikuwa Waingereza watupu, na wengi walikuwa watu wema sana. Walitupokea, walitufundisha soko la Ijumaa liko wapi na daktari gani wa meno hana haraka. Lakini katika maisha yao hawakuwahi kuulizwa na mtu yeyote kama wana ruhusa ya kuwa mahali walipo. Walikuwa wamekuja miaka ya nyuma, wakanunua nyumba, wakapanda mizabibu na mizeituni, na karatasi ya kijani wakaiona ni jambo la hiari. Baadhi yao walikuwa bado wamesajiliwa kwa daktari wa Uingereza kwa anwani ya binti au mtoto wa kiume, wakienda kuchukua dawa za miezi kadhaa na kurudi. Wengine walitegemea kadi ya matibabu ya Ulaya, ambayo imetengenezwa kwa ajili ya msafiri anayevunjika mguu likizoni; si kadi ya mtu anayeishi mahali. Mambo haya yalikwenda miaka na miaka kwa sababu hakuna aliyewauliza.

Kisha Uingereza ikatoka kweli, tarehe 31 Januari 2020, na kipindi cha mpito kikawekewa mwisho tarehe 31 Desemba mwaka ule ule. Na mwaka ule ule ndio wa korona. Ofisi zilifungwa, zilipofunguliwa miadi ya polisi ikawa inatafutwa usiku wa manane kwenye kompyuta. Mkataba wa Kujitoa, kati ya Uingereza na Umoja wa Ulaya, ulikuwa wazi na, kwa maoni yangu, ulikuwa wa haki: Mwingereza aliyekuwa akiishi kihalali katika nchi ya Umoja kabla ya siku ile, akaendelea kuishi hapo, anabaki na haki yake ya kukaa, kufanya kazi na kutibiwa kwa masharti yale yale. Anayefika baada ya siku ile ni mgeni kama mgeni yeyote kutoka Kanada. Bila viza anaruhusiwa siku 90 katika kila siku 180, basi.

Nchi hazikutekeleza kwa namna moja. Ufaransa ililazimisha kila Mwingereza aombe upya, na mwisho wa kuomba ukawa Septemba 30, 2021. Uhispania ilichukua njia nyingine: haki ni yako tayari kama masharti uliyatimiza, kadi ni ushahidi tu. Kadi hiyo mpya, TIE, ilianza kutolewa kwa Waingereza tarehe 6 Julai 2020, ina picha na alama za vidole, na imeandikwa kwamba imetolewa kwa msingi wa Kifungu cha 50, kile cha mkataba wa Umoja wa Ulaya kinachohusu nchi kujitoa. Mume wangu aliona karatasi yake ya kijani inatosha, na kisheria ilikuwa inatosha. Mimi nilimsihi tubadilishe. Afisa wa mpakani wa nchi nyingine hasomi mikataba, anasoma kadi. Tulibadilisha, na nilishukuru baadaye, kwa sababu katika uwanja mmoja wa ndege kijana wa uhamiaji alikuwa ameshainua muhuri wake juu ya pasipoti yangu ili anihesabie siku 90. Nilipomwonyesha kadi akashusha mkono. Siku hizi mambo ni makali zaidi: tangu Oktoba 12, 2025 mipaka ya Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti kati yao, imeanza kuwasajili wageni kwa alama za vidole na sura, na wenye kadi ya Mkataba wa Kujitoa ndio wasioguswa na usajili huo. Mwingereza aliye nje ambaye bado anatembea na karatasi ya kijani ya zamani, namwomba sana afanye mpango wa kadi.

Kilichonikalia moyoni zaidi ni jirani wa nyumba ya tatu, fundi bomba mstaafu, mjane wa miaka mingi. Aliishi pale tangu 2009. Hakuwa kwenye padroni, hakuwa na cheti, hakuwa na S1. Januari 2021 alibisha hodi kwetu akiwa amekunja pasipoti mkononi, akamuuliza mume wangu: je, ni kweli watanitoa? Mume wangu akamwambia, muulize huyu, yeye ndiye anayejua mambo ya wageni. Nilimwambia akae, nikapika chai, nikamwambia alete kila karatasi aliyonayo ndani ya nyumba.

Alileta mifuko. Hati ya nyumba, bili za umeme na maji, barua za benki, risiti za duka la vifaa, na katikati yake, Mungu amrehemu aliyempa wazo hilo, mkataba wa bima binafsi ya afya ya kampuni ya Kihispania aliyoilipa kupitia benki kila mwezi tangu 2015, kwa sababu alikuwa haamini hospitali za kusubiri. Ule mkataba ndio uliomwokoa. Kwa wale ambao hawakuwa wamejiandikisha, serikali ilitaka ushahidi kwamba kabla ya mwaka 2020 kwisha mtu alikuwa akiishi pale, ana kipato, na ana kinga ya matibabu. Bili za umeme zinaonyesha nyumba ina mtu. Hazionyeshi nani atalipa mtu huyo akiugua. Wakala wa makaratasi, wale wanaoitwa gestor ambao bila wao nusu ya Uhispania ingesimama, alipanga faili lake, na baada ya miezi kadhaa alipata kadi. Mume na mke wa mtaa wa chini, watu waliokuwa wakisali nasi kanisa moja, hawakuwa na bima wala S1 kwa sababu matibabu yao yote walikuwa wakiyafuata Uingereza. Ombi lao lilikataliwa. Waliuza nyumba. Nilimsaidia mama yule kufunga vyombo na sikuwa na neno la kumfariji.

Mwishoni mwa 2021 kikohozi cha mume wangu kilipata jina. Sitaeleza ugonjwa wenyewe. Nitaeleza tu kwamba kuanzia picha ya kwanza mpaka dawa ya mwisho, hospitali ya serikali ilitutazama kama watu wake. Hakuna siku tuliyoambiwa tupitie kwa mhasibu. Kulikuwa na wakalimani wa kujitolea, wengi wao wastaafu wa Kiingereza na wa Kijerumani, wanaokaa na mgonjwa chumba cha daktari ili asisikie habari ya kifo chake kwa lugha asiyoielewa. Mimi nimeuguza watu miaka mingi, na nimewatazama wauguzi wale kwa jicho la kazi. Walikuwa hodari, na walikuwa na huruma.

Binti yake wa ndoa ya kwanza alitaka arudishwe Uingereza. Ni haki ya mtoto kutaka hivyo. Tulikaa tukayapima. Raia wa Uingereza akirudi kukaa, yaani amefunga maisha yake ya nje na kuhamia tena, anahesabiwa mkaazi tangu anapofika, halazimiki kungoja muda wowote ndipo atibiwe na NHS. Na hata kwa kutembea tu, mtu wa hali ya mume wangu, mwenye S1 iliyotolewa na Uingereza na aliyekuwa Ulaya kabla ya 2021, anaweza kutibiwa Uingereza bila kulipa. Kwa hiyo mlango ulikuwa wazi pande zote mbili. Alichagua kubaki penye jua. Nashukuru kwamba alichagua kwa moyo wake, hakusukumwa na hesabu.

Alifariki mapema mwaka 2023. Kule maziko hayakawii, kwa kawaida ni ndani ya siku mbili, na watoto wake walifika wakihema, wamekasirika kwa haraka ile. Mimi mtu wa Pwani sikuiona haraka. Ndivyo tunavyowasitiri watu wetu.

Niliwajulisha wote waliotakiwa kujulishwa: benki, ofisi ya pensheni ya Uingereza, halmashauri. Kisha nikaingia kwenye kimya cha ujane. Baada ya miezi michache nilikwenda duka la dawa la mtaani kuchukua vidonge vyangu vya presha kama kila mwezi. Mfamasia anatujua, alikuwa akimletea mume wangu dawa nyumbani siku za mwisho. Aliingiza kadi, akaitoa, akaifuta, akaingiza tena. Akaniambia kwa sauti ya chini, mama, mfumo unasema huna haki.

Nilikwenda ofisi ya hifadhi ya jamii. Nilikuwa na kadi yangu ya ukaaji mkononi, na wakati huo ilikuwa imeshakuwa ya kudumu, kwa kuwa miaka mitano ilitimia 2022 na nikapewa ya miaka kumi. Afisa aliitazama, akanirudishia kwa heshima. Akasema: hii ni yako na hakuna anayekuondolea. Lakini matibabu yalikuwa ya mume wako. S1 ilikuwa kwa jina lake, na imezimwa.

Ninawaomba akina mama hasa mnisikilize hapa. Katika ndoa nyingi za watu wetu na Waingereza mume ana umri mkubwa, na pensheni na fomu zote ziko kwa jina lake. Ndoa inapokuwa hai mambo yanakwenda na huoni mshono uko wapi. Haki yangu ya kukaa Uhispania ilikuwa imesimama yenyewe kwa sababu niliandikishwa kwa jina langu siku ile ya kwanza. Haki yangu ya kutibiwa ilikuwa imeegemea kwa mtu, na mtu ameondoka. Umri wangu wa pensheni ni miaka 67, kwa waliozaliwa mwaka wangu, na nilikuwa bado niko mbali nao.

Nilipewa njia mbili za karibu. Ya kwanza ni mpango maalumu wa serikali wa kununua kinga ya matibabu, ambao uko kwa mtu aliyekaa Uhispania angalau mwaka mmoja na hana kinga nyingine: euro 60 kwa mwezi kwa aliye chini ya miaka 65, na euro 157 kwa aliyefikisha umri huo. Haukuulizi una ugonjwa gani, na kwa mtu mwenye presha na goti bovu hiyo ni rehema, kwa sababu bima binafsi zilikuwa zimeshaanza kunipigia hesabu za kutisha. Upungufu wake ni dawa: unalipa bei kamili mwenyewe. Nilijiunga nao mara moja.

Njia ya pili ilikuwa kazi. Kadi yangu inaniruhusu kufanya kazi yoyote, bila kibali kingine. Nikaanza kumtunza bibi mmoja wa Kihispania, nyumba yake iko karibu na kanisa, na nikakubaliana na wanawe jambo moja kabla ya kuzungumzia mshahara: mnaniandikisha hifadhi ya jamii tangu siku ya kwanza. Walikubali. Wako wengi wasiokubali, na wako dada zetu wengi barani Ulaya wanaolipwa mkononi kwa sababu mkononi inaonekana ni nyingi. Kazi ya ndani isiyoandikishwa haikupi daktari, haikupi pensheni, haikupi malipo ya kukosa kazi, ambayo kule wafanyakazi wa nyumbani walipata haki nayo mwezi Oktoba 2022. Tangu nilipoandikishwa kadi yangu ya kituo cha afya imerudi kusoma, na safari hii inasoma jina langu kama mwenyewe.

Nina rafiki wa Tanga, ameolewa na Mwingereza mtaa wa pili. Yeye ana pasipoti ya Tanzania, kwa kuwa nchi yake hairuhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili na hakutaka kuuacha wa kwao. Kadi yake ni ya familia ya mtu anayelindwa na Mkataba wa Kujitoa. Baada ya msiba wangu alinijia na hofu: dada, wangu akifa nami natoka? Tulisoma pamoja. Mjane wa aina yake analindwa, mradi aliishi pale kama mwanafamilia angalau mwaka mmoja kabla ya kifo. Na akifikisha miaka mitano anaweza kupata ukaaji wa kudumu. Nilimwambia mambo mawili: asikae nje ya nchi zaidi ya miezi sita kwa mwaka kabla ya kufikisha mitano hiyo, na aanze sasa kutafuta kazi ya kuandikishwa, hata ya saa chache, wakati mumewe ana afya njema. Mumewe mwenyewe ndiye aliyemtafutia.

Ndugu zangu wa Likoni wananiuliza kwa nini sirudi nyumbani. Ni swali la haki, na nalipenda. Nilipochukua uraia wa Uingereza mwaka 2004, katiba ya zamani ya Kenya iliufuta wa kwetu siku hiyo hiyo. Katiba ya 2010 imeturuhusu tulio raia wa Kenya kwa kuzaliwa kuwa na uraia wa nchi zote mbili, lakini aliyeupoteza zamani lazima aombe kurudishiwa, haurudi wenyewe. Mimi niliomba na nikapewa. Kwa hiyo kukaa Kenya si tatizo langu. Wenzangu wa Tanzania walioapa Uingereza ndio wanaorudi kwao kama wageni.

Tatizo langu ni hesabu mbili. Kwanza, hakuna S1 ya Kenya wala ya Tanzania. Uingereza hailipi matibabu ya mstaafu wake huko hata shilingi. Nikirudi nitachangia SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na huenda nikaongeza bima binafsi kama watakubali umri wangu. Pili, na hili linawashtua watu wengi kuliko lolote, pensheni ya serikali ya Uingereza inagandishwa ukiishi Kenya au Tanzania. Utalipwa maisha yako yote kiwango kile kile ulichoanza nacho. Aliyestaafu 2016 na pensheni kamili ya pauni 155.65 kwa wiki, akiishi Kilifi, bado anapokea pauni 155.65. Mwenzake aliyestaafu siku ile ile na kuishi Alicante alikuwa akipokea pauni 230.25 kwa wiki katika mwaka wa fedha wa 2025/26. Wote wawili walichangia sawa. Wako wastaafu wa Uingereza wanaoishi Kanada, Australia na Afrika Kusini katika hali hiyo hiyo, na wamelalamika miaka mingi bila kusikilizwa. Naliona ni dhuluma, na nalisema hivyo kwa kila mbunge niliyewahi kumwandikia. Ukirudi kuishi Uingereza kiwango kinapandishwa. Ukihamia tena nchi kama hizo, kinagandishwa upya.

Kwa hiyo mpango wangu uko hivi. Nitafanya kazi mpaka nifike umri, ili niwe na michango ya nchi zote mbili. Miaka ya Uhispania na ya Uingereza inaweza kuunganishwa ili mtu atimize masharti, na kwa Uingereza kiasi cha chini ni miaka 10, pensheni kamili ni 35. Uuguzi ulinipa zaidi ya ishirini. Kama Uhispania nayo italazimika kunilipa pensheni yake, hata ndogo, na bado naishi huko, basi matibabu yangu yatakuwa juu ya Uhispania moja kwa moja. Isipokuwa hivyo, nitakuwa na S1 yangu mwenyewe. Na kwa kuwa kadi yangu ni ya kudumu chini ya Mkataba wa Kujitoa, naweza kuwa nje ya Uhispania hadi miaka mitano mfululizo bila kuipoteza. Hiyo inanipa nafasi ya kukaa Likoni misimu mirefu na wadogo zangu, nikilea wajukuu wa dada, na kurudi Alicante kwa daktari wangu.

Mwezi uliopita nilikagua rekodi yangu ya michango ya Uingereza kwenye tovuti ya serikali na kukuta mapengo ya miaka ile niliyoacha kazi kumuuguza mume wangu. Nimeandika kuuliza kama naweza kuyajaza na kwa kiasi gani, na rafiki yangu wa Tanga ameketi hapa pembeni akiandika barua kama hiyo ya mumewe.